Kompyuta kujua ulipo si ushahidi kwamba ina GPS

Wiki hii ameingia mteja wa tatu katika karakana yangu hapa Kariakoo akitaka nimwashie GPS ya kompyuta mpakato yake, na ushahidi wake, kama wa wenzake wawili waliomtangulia, ulikuwa ramani ya kwenye kivinjari yenye nukta ya buluu juu ya mtaa wake. Jambo hili linanikera kwa sababu watu wananunua mashine kwa kazi ya kupima mashamba wakiamini kitu ambacho hakimo. Kompyuta mpakato nyingi, MacBook zikiwemo, hazina kipokezi cha GPS, yaani kifaa kinachopokea mawimbi ya setelaiti ili kujua mahali, na swichi ya mahali iliyo kwenye mipangilio ya Windows huruhusu tu programu kuuliza ulipo, haiumbi kipokezi.

Nukta ile haitoki kwa setelaiti. Kompyuta husikiliza ruta za waifai zilizo jirani, hukusanya anwani zao na nguvu ya mawimbi yao, kisha huuliza hifadhidata ya kampuni kama Microsoft, Apple au Google, ambayo hukadiria mahali kutokana na ruta inazozifahamu. Mteja wangu mmoja alihama Sinza kwenda Kigamboni pamoja na ruta yake, na kwa kuwa kule alikohamia hapakuwa na ruta nyingine karibu, kompyuta ikaendelea kumweka Sinza. GPS isingekosea hivyo, kwani haijali ruta ya mtu.

Zipo chache zilizo nayo kweli: baadhi ya Toughbook za Panasonic, na zile zenye kadi ya modemu ya laini ya simu iliyounganishwa na kipokezi. Tundu la laini lisikudanganye, maana nimefungua ThinkPad zenye tundu hilo nikakuta nafasi ya kadi ni tupu. Hata kadi ikiwepo simwahidi mteja chochote kabla sijaitoa mashine nje, kwenye anga wazi, kwa sababu draiva (programu inayoiendesha kadi) au waya wa antena huweza kukwamisha kila kitu.

Kwa wengi, dawa ni kipokezi cha USB. Kiweke mahali kinapoona anga, kwani kinahitaji setelaiti nne, kisha kisome kwa programu ya ramani kama QGIS. Kivinjari kwa kawaida hakikitambui. Katika maandishi ghafi ambayo kipokezi hutuma, tazama mstari unaoanza na $GPGGA au $GNGGA: tarakimu inayofuata koma ya sita ikiwa 0, bado hakijapata mahali.

Katika kusoma mstari huo ndipo kosa linaloniumiza zaidi hutokea. Hapa Kariakoo utaona 0649 na 03916 kabla ya nukta ya desimali, yaani nyuzi 6 na dakika 49 kusini, nyuzi 39 na dakika 16 mashariki. Ukiziandika kama 6.49 na 39.16, umesogea zaidi ya kilomita 35, na kiwanja cha mteja kimeangukia baharini kati ya Bagamoyo na Unguja.