Connacht 2016: mapropu waliojua kutoa pasi

Wachezaji wa mbele ndio mzigo wangu mimi kama kocha wa raga, na ugonjwa wao naujua. Mpe mpira propu, yule mzito wa mstari wa kwanza, atainamisha kichwa na kuvamia kama ng'ombe wa mchezo wa Pemba. Mwambie kuna mwenzake ubavuni, yuko peke yake, hana wa kumkaba. Atakutazama kana kwamba umemtuma akasukume chapati. Kwake pasi ni kazi ya wale wembamba wa nyuma.

Dawa yangu ni kuwaketisha vijana mbele ya skrini na kuwaonyesha fainali ya ligi ya Pro12 iliyochezwa Edinburgh, uwanja wa Murrayfield, tarehe 28 Mei 2016. Connacht 20, Leinster 10. Huwa nawakataza kufuata mpira kwa macho. Nawaambia wamtazame propu wa Connacht, amesimama wapi na mikono yake iko wapi kabla mpira haujamfikia.

Kwanza tuwekane sawa kuhusu Connacht yenyewe, maana mpangilio wa raga ya Ayalandi unawachanganya waliozoea soka. Kule hakuna tajiri anayenunua klabu akaipeleka ligi kuu. Kisiwa kina majimbo manne ya jadi: Leinster upande wa Dublin, Munster kusini, Ulster kaskazini, na Connacht magharibi kwenye upepo wa Atlantiki. Raga ilipokubali malipo mwaka 1995, shirikisho la nchi, IRFU, liliyageuza majimbo hayo kuwa timu zake za kulipwa, na baadaye timu hizo zikaingia ligi moja na za Welisi, Uskoti na Italia, ndiyo hiyo Pro12. Mwenye mfuko ni mmoja, watoto ni wanne. Na kama ilivyo kwenye nyumba nyingi, hawapakuliwi sawa.

Connacht ndiye aliyekuwa akipewa ukoko. Jimbo lina kaunti tano tu, watu wake ni wachache, na michezo ya jadi ya Ayalandi imeshika vijiji vyake kuliko raga. Kwa miaka mingi liliitwa jimbo la maendeleo, jina la heshima lenye maana kwamba mchezaji akiiva, wakubwa watakuja kumchukua. Nyumbani kwao pale Galway, uwanja unaoitwa Sportsground, kiwanja cha raga kilikuwa kimezungukwa na njia ya mbio za mbwa. Sisemi kwa dhihaka. Usiku mmoja raga, usiku mwingine mbwa. Mwanzoni mwa 2003 shirikisho lilifikia hatua ya kufikiria kuifuta timu ili kuokoa fedha. Mashabiki wakapanda kwenda Dublin, wakaandamana hadi kwenye ofisi za wakubwa, na timu ikaponea hapo. Mwaka huohuo kijana wa Portumna, John Muldoon, alianza kuichezea. Mkumbuke huyu, nitamrudia.

Sasa tuingie kwenye ufundi. Timu maskini ya raga hushindwa kwanza kwenye skramu. Wanane wanasukumana na wanane, na propu mzito anayejua kazi ni bidhaa adimu yenye bei. Mwenye fedha anakusukuma, unafanya kosa, anapiga penalti, alama tatu. Njia ya kawaida ya kujitetea ni kupiga mpira mbali na kuomba Mungu mvua inyeshe. Galway mvua haiombwi, ipo, kwa hiyo kila mtu alitarajia Connacht wacheze hivyo milele.

Pat Lam alipofika mwaka 2013 alikataa. Huyu ni mzaliwa wa Auckland, aliwahi kuwa nahodha wa Samoa, naye alicheza namba nane, yule wa nyuma kabisa kwenye skramu. Alichofanya ni kufundisha kikosi kizima kushika na kutoa mpira, kuanzia namba moja, yaani propu. Wachezaji wa mbele hawakuruhusiwa tena kuandamana nyuma ya mpira kama kundi la harusi. Walitawanywa kwenye upana wa kiwanja, vikundi vidogovidogo, ili popote mpira unapokwenda ukute mtu mzito ameshasimama akiusubiri, na mwenzake yuko karibu.

Faida yake inaonekana kwenye miguu ya mkabaji. Propu asiyetoa pasi ni hesabu rahisi: mnamwendea wawili, mmoja miguuni na mwingine kwenye mpira, mnamwangusha nyuma ya pale mpira ulipoanzia, raki, lile rundo la kugombea mpira chini, inakawia, na ulinzi wenu unapata muda wa kujipanga. Lakini propu aliyeushika mpira kwa mikono miwili, mbele ya kifua, kichwa juu, anaweza kuutoa hatua moja kabla ya kugongwa. Mkabaji analazimika kusita. Kusita kwenyewe ni nusu sekunde, na katika nusu sekunde hiyo hata propu akiamua kutotoa pasi, ameshapata bega laini badala ya ukuta. Anaanguka mbele, mpira unatoka haraka, na wale wa nyuma wanaupokea kabla wapinzani hawajahesabiana. Mawinga ndio waliopigwa picha, lakini nafasi zao zilitengenezwa na mapropu.

Watu huniuliza, na kwenye matope? Ndiyo, na kwenye matope. Pasi yenyewe ni fupi, ya mita mbili tatu, haizungushwi kwa mbwembwe. Hatari ni ile ndefu, na hiyo propu haombwi kuitoa. Zoezi lake halihitaji hata kiwanja kizima. Ukiwa na mpira mmoja na watu wanne una darasa. Ndiyo maana nasema Lam alichagua silaha ya maskini, kwa sababu uzito unanunuliwa ila mikono inafundishwa. Gharama yake ni uvumilivu, maana msimu wa kwanza mipira inaanguka hadi mashabiki wanakuzomea.

Msimu wenyewe wa 2015 hadi 2016 ulikuwa wa vituko. Novemba walitumwa Siberia, Krasnoyarsk, kucheza na Warusi wa Enisei kwenye baridi kali. Walishinda, kisha ndege ya kuwarudisha ikaleta hitilafu na safari ya kurudi ikawa ya siku kadhaa. Mwezi huohuo wakaenda Limerick wakaifunga Munster kwa 18 dhidi ya 12 pale Thomond Park, walikokuwa hawajashinda tangu 1986. Nusu fainali ikachezwa kwao, kando ya njia ya mbwa, wakaitoa Glasgow 16 kwa 11.

Murrayfield walifunga trai tatu, yaani mara tatu waliuweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani: Tiernan O'Halloran, Niyi Adeolokun na Matt Healy. Ya Adeolokun, winga mzaliwa wa Nigeria, ndiyo vijana wangu huirudia mara kumi. Anaupiga mpira mbele, anaukimbilia mwenyewe. Mimi huirudisha nyuma kidogo na kuwauliza, nani aliusafisha mpira ule kwenye raki? Kimya.

Kilichofuata kinaniuma hadi leo. Robbie Henshaw, senta wao bora, tayari alikuwa amekubali kuhamia Leinster, timu ileile aliyokuwa akiikaba siku ya fainali. Namba kumi wao, yule anayeongoza mchezo, AJ MacGinty, akaenda Uingereza. Mwaka uliofuata Lam naye akaondoka kwenda Bristol, na Connacht wakateremka tena kwenye jedwali. Wapo wanaosema hiyo yaonyesha mfumo wake ulikuwa bahati ya msimu mmoja. Mimi sikubali. Ukimng'oa kocha, namba kumi na senta ndani ya miezi kumi na miwili, hata Leinster wangeyumba.

Muldoon alibaki. Alistaafu Aprili 2018 baada ya michezo 327, akiwa nahodha aliyeinua kombe kule Edinburgh. Mechi yake ya mwisho ilikuwa Galway, dhidi ya Leinster, na Connacht wakaifunga 47 kwa 10. Trai ya mwisho ilipopatikana, wenzake walimkabidhi mpira apige lile teke la alama mbili linalofuata trai, kazi ambayo namba nane kama yeye haombwi kamwe. Aliuweka chini, akarudi hatua chache, akapiga, na ukapita katikati ya milingoti.