Anayeelea Ndani ya Ndege Yuko Katika Kuanguka

Video za watu wanaoelea ndani ya ndege zinaposambaa kwenye simu, sisi tunaofundisha fizikia chuoni huulizwa swali lilelile: wamepanda juu kiasi gani hata uvutano wa dunia ukaisha? Haukuisha. Ndege hizo hupaa kimo kilekile cha ndege za kawaida za abiria, na huko juu dunia humvuta mtu karibu sawa na inavyomvuta akiwa sebuleni kwake. Tofauti haifiki hata nusu ya asilimia moja. Hata kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, kilomita 400 hivi kutoka ardhini, uvutano bado ni takribani asilimia 89 ya huu wa kwetu.

Kwa nini basi wanaelea? Kwa sababu wanaanguka, na kila kilichowazunguka kinaanguka pamoja nao kwa mwendo uleule. Uzito tunausikia pale kitu kinapotuzuia tusianguke: sakafu, kiti, godoro. Nyayo zinabanwa, mgongo unabanwa, na mwili unatambua kwamba ni mzito. Sakafu nayo ikianza kuanguka sambamba nawe, haikubani tena, na mizani iliyo chini ya miguu yako itasoma sifuri.

Jambo hili unaweza kulithibitisha leo hapo nyumbani. Chukua chupa ya plastiki, itoboe tundu karibu na kitako, ijaze maji na uache mdomo wake wazi. Ukiishika, maji yatachuruzika. Sasa iachie ianguke kutoka juu. Inapokuwa hewani mchirizi unakatika, kwa kuwa maji yanaanguka sawasawa na chupa na hayaikandamizi tena. Mpe mwenzako simu arekodi kwa mwendo wa polepole mlione vizuri. Hiyo nusu sekunde ni ya aina ileile na ile ambayo watalii huilipia maelfu ya euro.

Wanachokilipia ni kurefushiwa muda huo. Kazi hiyo hufanyika kwa ustadi mkubwa Bordeaux, Ufaransa, ambako kampuni ya Novespace inarusha Airbus A310 iliyowahi kuwabeba viongozi wa serikali ya Ujerumani. Katikati ya ndege viti vimeondolewa, na sakafu, kuta na dari vimefunikwa magodoro. Ndege huanza kwa kwenda sawasawa kwenye kimo cha mita 6,000 hivi, kwa kasi ya kilomita 800 kwa saa. Kisha pua yake inainuliwa mpaka mwinuko wa karibu nyuzi 47. Kwa sekunde zipatazo 20 za kupanda huko kila abiria ana uzito wa mara 1.8 ya kawaida yake. Mwenye kilo 70 anajisikia kama ana kilo 126, na kunyanyua mkono tu ni kazi.

Halafu marubani wanapunguza nguvu ya injini. Hawazizimi, kama wengi wanavyodhani. Wanabakiza nguvu ya kushinda ukinzani wa hewa peke yake. Kuanzia hapo ndege inafuata njia ambayo jiwe lililorushwa lingeifuata: inaendelea kupanda huku ikipunguza mwendo, inafika kileleni kwenye mita 8,500 hivi, kisha inainamisha pua na kushuka. Njia hiyo yenye umbo la upinde huitwa parabola. Kukosa uzito kunaanza wakati ndege bado inapanda, na hapo ndipo wanafunzi wangu hukwama zaidi. Jiwe linaanza kuanguka, kwa maana ya fizikia, tangu linapoachana na mkono, ijapokuwa bado linakwenda juu.

Hali hiyo hudumu sekunde 22 hivi. Kuishika njia hiyo barabara kunahitaji watu watatu kwa wakati mmoja: mmoja anasimamia pua ya ndege kupanda na kushuka, wa pili anazuia mabawa yasilalie upande, wa tatu anacheza na nguvu ya injini. Mmoja akiteleza kidogo tu, abiria wataanza kusogea kuelekea sakafuni au darini.

Safari ya watalii ina parabola 15. Marubani huanza na upinde uliolegezwa kidogo ili abiria waonje uvutano wa sayari ya Mars, ambao ni zaidi kidogo ya theluthi moja ya wa dunia, kisha ule wa mwezini, sehemu moja ya sita. Binafsi naona hizi ni zawadi ambayo watu huipita haraka mno. Kwenye uvutano wa mwezi mtu anapiga pushapu kwa kidole kimoja, na bado anajua chini ni wapi. Baada ya hapo inakuja ile ya kukosa uzito kabisa, ambapo maji yakimwagwa yanajikusanya kuwa matone makubwa ya duara yanayoelea na kutikisika hewani. Ukizijumlisha sekunde zote za kuelea unapata dakika nne na ushee.

Ndani ya sikio la mwanadamu kuna vijiwe vidogo vya chokaa vinavyolala juu ya vinyweleo, na kwa kuvibonyeza huuarifu ubongo chini ni wapi. Ndege inapoanguka vijiwe havivibonyezi tena vinyweleo. Macho yanasema chumba kimetulia, sikio linasema hakuna chini, na kutopatana huko ndiko huleta kichefuchefu. Wakati wa uzito ule mkubwa kila ukigeuza kichwa unauongezea ubongo mkanganyo, kwa hiyo wasimamizi huwataka abiria walale chali, wakazie macho sehemu moja darini na wasigeuze shingo. Kabla ya kuruka hutolewa pia dawa ya skopolamini kwa anayeikubali. Dawa hii hukausha kinywa, na mwenye presha ya macho asiitumie kabla ya kumweleza daktari. Wajawazito hawaruhusiwi kupanda, na wenye maradhi ya moyo wasidhani kwamba safari ni fupi hivyo haina madhara. Kupanda na kushuka kwa uzito mara 15 mfululizo ni mzigo halisi kwa mishipa ya damu.

Mgeni akianza kuelea hupiga miguu na mikono kama anayeogelea. Haisaidii kitu, maana hewa ni nyepesi mno kumsukuma, na teke lake linaweza kumfika jirani usoni. Kinachotakiwa ni kuugusa ukuta kwa ncha za vidole. Sheria muhimu kuliko zote ni ya mwisho wa upinde: msimamizi akitoa tangazo, elekeza miguu sakafuni mara moja. Uzito haurudi taratibu. Aliye juu kichwa kikiwa chini ataanguka, na ataanguka na uzito wa karibu mara mbili ya wake.

Marekani nako kuna kampuni ya Zero Gravity inayotumia Boeing 727. Tarehe 26 Aprili 2007 ilimpaisha kutoka Florida mwanafizikia Stephen Hawking, ambaye maradhi ya neva yalikuwa yamemlemaza mwili kwa miongo mingi. Akiwa na madaktari na wauguzi pembeni, alielea mara nane, nje ya kiti chake cha magurudumu.

Nauli ya Ufaransa inazidi euro 7,000, na ya Marekani iko juu vilevile. Sitamwambia mtu jinsi ya kutumia fedha zake, lakini inaniuma vijana wetu wanapodhani kwamba sayansi hii ni ya matajiri. Ndege hiyohiyo ya Bordeaux hufanya safari za utafiti zenye parabola 31 kila moja, na kuna njia ambazo hazihitaji ndege. Mjini Bremen, Ujerumani, upo mnara wa urefu wa mita 146 ambamo kasha lenye vifaa huangushwa ndani ya bomba lililoondolewa hewa. Likiachiwa kutoka juu hupata sekunde 4.74 za kukosa uzito. Likirushwa kwanza kutoka chini hupata zaidi ya sekunde 9. Umoja wa Mataifa una mpango uitwao DropTES unaovipa vikundi vya wanafunzi wa vyuo vikuu kutoka nchi mbalimbali nafasi ya kuutumia mnara huo kwa jaribio walilolibuni wenyewe. Walimu wa fizikia, kemia na uhandisi, wasomeeni wanafunzi wenu tangazo lake linapotoka. Swali la kuanzia linaweza kuwa dogo kabisa: mwali wa mshumaa, povu la sabuni, au mchanga unaomiminika, ukizingatia kwamba lazima lijibiwe ndani ya sekunde zile chache.