Dume aliyepewa amri ya jike: dhana potofu kuhusu kemikali zinazoiga estrojeni

Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa Uingereza waliwaweka samaki aina ya trauti ndani ya vizimba, karibu na mabomba yanayomwaga mtoni maji taka yaliyokwisha kusafishwa. Wiki chache baadaye damu ya madume ilikuwa imejaa vitelojenini, protini inayotengeneza kiini cha yai. Dume hana yai la kulisha. Ila ini lake linaweza kuitengeneza protini hiyo likipata amri ya estrojeni, homoni ya kike, na amri hiyo ilikuwa ndani ya maji.

Tangu hapo mengi yamesemwa, na baadhi yake huwafanya watu walipuuze jambo zito.

Dhana: Kiasi chenyewe ni kidogo mno, hakiwezi kudhuru.

Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, maana homoni zenyewe mwilini hufanya kazi kwa viwango hivyo hivyo vidogo. Kuanzia 2001 hadi 2003, Karen Kidd na wenzake waliweka estrojeni ya vidonge vya uzazi wa mpango katika ziwa dogo la majaribio huko Ontario, Kanada, kwa kiwango cha nanogramu 5 hadi 6 kwa lita. Chukua kidonge kimoja chenye maikrogramu 30 za homoni hiyo, kiyeyushe katika lita 6,000 za maji: umefika hapo. Madume ya samaki wadogo wa ziwa lile walianza kutengeneza vitelojenini, korodani zao zikachelewa kukomaa, na kizazi chao karibu kitoweke kabisa. Homoni ilipoacha kuwekwa, samaki walirudi baada ya miaka kadhaa.

Dhana: Samaki dume wanageuka majike.

Si hivyo. Samaki wa mito ya Uingereza aitwaye Rutilus rutilus, aliyeelezwa katika utafiti wa 1998, alikutwa na mayai machanga yametapakaa ndani ya korodani. Ni huntha. Wengi wa hawa bado hutoa mbegu za kiume. Walioathirika sana ndio wanaoshindwa kuzalisha vizuri.

Dhana: Kila kemikali inayoharibu dume inaiga estrojeni.

Katika Ziwa Apopka, Florida, lililochafuliwa na dawa za kuua wadudu, Louis Guillette na wenzake waliwapima aligeta (jamii ya mamba) wachanga. Uume wao ulikuwa mdogo kwa wastani wa asilimia 24 kuliko wa wenzao wa ziwa safi, na testosteroni, homoni ya kiume, katika damu ilikuwa pungufu kwa asilimia 70 hivi. Watu husema moja kwa moja: estrojeni. Lakini DDE, mabaki ya dawa ya kuua wadudu iitwayo DDT, hufanya kazi kwa njia nyingine: huingia katika kipokezi cha homoni ya kiume, yaani kufuli la seli ambalo homoni hiyo hulifungua, kama ufunguo usiofungua, kisha hukaa humo, na testosteroni ikija inakuta tundu limezibwa. Thaleti, zinazolainisha plastiki, nazo hupunguza testosteroni inayotengenezwa na korodani za kijusi. Dume hudhurika pia kwa kunyimwa kilicho chake.

Dhana: Mnyama akiondolewa kwenye uchafu, atapona.

Inategemea alichafuliwa lini. Kwa panya wa maabara, dirisha la kuumbwa udume liko takriban siku ya 15 hadi ya 18 ya mimba. Testosteroni ikipungua siku hizo chache, mtoto huweza kuzaliwa na korodani zisizoshuka, au tundu la mkojo likiwa chini ya uume badala ya nchani. Mama anaweza kuonekana mzima kabisa. Hata umpe mtoto huyo maji safi maisha yake yote, dirisha limeshafungwa.

Dhana: Kosa ni la vidonge vya wanawake.

Vidonge vimo, lakini si peke yao. Mkojo wa binadamu wote, wake kwa waume, una estrojeni za asili, na viwanda navyo huongeza kemikali zao zinazoiga estrojeni. Katika mto Aire, Uingereza, mhusika mkuu alikuwa nonilifenoli, iliyotokana na sabuni zilizotumika viwandani kusafishia sufu. Viwanda vilipopunguza kemikali hiyo, vitelojenini ikapungua katika damu ya madume waliowekwa mtoni.