Ninaowashukuru Kila Ninaposhika Patasi

Wanaopita karakanani kwangu hapa Lamu huuliza mambo mawili: mlango huu ni wa mti gani, na utakwisha lini. Huwajibu kwa furaha. Lakini swali ninalolitamani zaidi ni la nakshi yenyewe, imetoka wapi. Leo nalijibu bila kuulizwa, kwa sababu ndani ya jibu lake wamo watu na viumbe wengi wanaonidai shukrani: sahibu yangu nahodha, paka anayelala juu ya maranda, punda wa jirani, watoto wa chuo cha Kurani, njia za maji za kwenda Siyu kisiwani Pate, na jua la asubuhi. Nawashukuru kwa kuwa wananifurahisha, na pia kwa kuwa kila mmoja ameingia kwenye kazi mahali ambapo naweza kupaonyesha kwa kidole.

Nianze na jua. Nyumba za Mkomani, mtaa wa hapa Lamu, zimejengwa kwa kubanana. Punda wawili wenye shogi, yale makapu ya mizigo, wakikutana kichochoroni, mmoja hana budi kujibana ukutani mwenziwe apite. Katika njia kama hizo jua halifiki chini ila kwa muda mfupi katikati ya mchana. Saa nyingine zote mwanga huja kwa ubavu, ukateleza kwenye ukuta wa chokaa na kuigusa milango kwa pembeni. Nikitoka msikitini baada ya sala ya alfajiri huchagua makusudi njia ya mzunguko, ili niipite milango ya zamani mwanga huo unapoanza. Mlango niliouona tangu utotoni hunionyesha jani ambalo sikuwahi kuliona. Nusu saa baadaye jani hilo limepotea tena. Furaha hii hainigharimu chochote, na sijaichoka. Mji wetu uliingizwa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na kwangu mimi faida kubwa ya heshima hiyo ni kwamba milango ile bado ipo mahali pake, barabarani, inapigwa na jua lile lile lililokusudiwa na aliyeichonga.

Kikazi, maana yake ni hii. Anachokiona mtu kwenye nakshi ni kivuli. Ubao wote ni wa rangi moja. Kinacholitenga jani na jani ni giza lililokaa kwenye mfuo kati yao. Kwa hiyo kabla sijaanza kuchimba, huenda nyumbani kwa mwenye mlango nikatazame utakapokaa. Ukiwa ndani ya daka, ule ukumbi mdogo wa mlangoni, penye kivuli kutwa, nachimba kina kirefu na kingo naziacha kali, la sivyo mgeni ataona ubao mtupu. Ukiwa mbele ya mji, upande unaotazama kisiwa cha Manda, jua la asubuhi linaupiga waziwazi. Hapo kina kidogo kinatosha na kingo nazilainisha, kwa sababu kivuli kikizidi ua huonekana limevimba. Mwenye nyumba akiniuliza mbona nimekuja na sina hata futi ya kupimia, namwambia nimekuja kupima mwanga.

Mti tunaouheshimu kuliko yote ni mbambakofi. Ukipita msitu wa Arabuko-Sokoke, kusini ya Malindi, unaweza kuliokota ganda lake chini. Ni gumu, limepasuka katikati, na ndani mna mbegu nyeusi zinazong'aa, kila moja imevaa kikofia chekundu. Ni mti mgumu, mchwa hausumbui sana, na hukua polepole mno, ndiyo maana napendelea mbao zilizotoka kwenye nyumba za zamani zilizobomolewa. Mbao hizo zimeshakauka zikatulia. Hata hivyo haziachi kupumua. Masika yakiingia, ubao hunywa unyevu na kupanuka kwa upana wake, ukikata nyuzi, wala si kwa urefu. Fundi lazima aache nafasi kati ya bawa la mlango na mwimo, nguzo ya pembeni, na mfaa ule wa katikati, uliopigiliwa kwenye bawa moja, huufunika ufa ili mtu aliye nje asione ndani.

Sasa paka. Lamu tuna paka wengi, wembamba, wenye miguu mirefu, na asubuhi wavuvi wakishusha samaki utawakuta wamejipanga kwa adabu kuliko sisi wanunuzi. Wangu alikuja mwenyewe karakanani akiwa mdogo, akalala kwenye rundo la maranda, na hakuondoka. Nimempa jina la Msasa kwa ajili ya ulimi wake. Mtume wetu alituambia paka si najisi, kwamba ni katika wanaotuzungukazunguka majumbani, na mimi namwona Msasa kwa namna hiyo hasa, mwenzangu wa kuzunguka. Anapita chini ya meza, juu ya meza, anakanyaga mchoro uliokwisha pigwa mstari, anarudi.

Nimejifunza kwake jambo ambalo hakuna fundi aliyenieleza kwa maneno. Kuchonga mbambakofi kunataka kupumzika kila baada ya muda. Mikono ikichoka, makali huanza kuvuta nyuzi badala ya kuzikata, na mtu aliyezama kwenye kazi hasikii tofauti hiyo ya sauti. Patasi kali hulia kwa ufupi, kavu. Ikianza kufubaa hutoa mlio wa kukwaruza. Msasa hulala mradi sauti ni ile fupi. Ikibadilika, masikio yake huinuka, na asipopata utulivu huamka akaja kujisugua mguuni kwangu. Hapo naweka nyundo ya mti chini, namkuna shingoni, namwaga maji kwenye kinoo na kunoa. Mtu anaweza kusema ni bahati tu, kwamba paka anataka samaki. Mimi nimekaa naye muda mrefu, namjua.

Punda si wangu, ni wa jirani, lakini ndiye anayenibebea mbao kutoka gatini. Katika mji usiokuwa na nafasi ya gari kupita, mawe, mchanga, chokaa na boriti zote zimepita mgongoni mwa punda. Hospitali ya punda iliyoko mbele ya mji, ilianzishwa na shirika la The Donkey Sanctuary mwaka 1987, na hapo punda hutibiwa bila malipo. Nampenda punda yule kwa upole wake, na mzigo wangu haupakiwi mpaka nimekagua mwenyewe kwamba shogi halimchubui na kwamba ubao haumwegemei upande mmoja. Anayetaka kuniona nimekasirika, na aje na punda mwenye kidonda aliyebebeshwa mbao zangu.

Baada ya chuo, watoto hupita. Wengine hutaka maranda ya kuwashia jiko la mama zao, wengine hutaka kutazama tu. Hao wa kutazama nawapa bikari na kipande cha ubao. Nawaambia wachore duara, kisha wasiiguse bikari, wasiipanue wala kuifunga, bali waitembeze juu ya ule mstari wa duara kutoka alama hadi alama. Hatua ya sita inarudi pale pale ilipoanza. Daima inarudi, duara liwe kubwa au dogo, kwa sababu nusu ya kipenyo hukaa mara sita sawasawa kwenye mzunguko. Kila alama ikiwa kitovu cha tao jipya, matao yakikatana, wanaona waridi la petali sita limejitokeza bila kubahatisha. "Ami, ndoo utizame!" yaani njoo utazame. Nimeisikia sauti hiyo mara nyingi, na kila mara naacha nilichonacho naenda kutazama. Waridi hilo hilo ndilo lililotapakaa kwenye milango ya pwani yetu. Kwa mtoto yule limezaliwa leo, nami nikimtazama usoni nakumbuka kwa nini niliipenda kazi hii, na ninaporudi kwenye waridi langu nalichonga kwa hamu.

Nimefika kwa sahibu yangu, na hapa nitakaa kidogo. Yeye ni nahodha, hashiki patasi. Tumekua mtaa mmoja, tumesoma chuo kimoja, na mpaka leo jioni hukaa baraza moja kumsubiri muuza kahawa aje na dele lake na vikombe vinavyogongana. Kahawa chungu yenye tangawizi, tende, na mazungumzo ya pepo. Kusi limepungua? Matlai imeanza? Nani amevusha nini Faza? Kwa mtu anayeshinda peke yake na ubao, saa ile ni riziki kamili.

Madau yetu ya Lamu yana macho: vibao viwili vya mviringo, kimoja kila upande wa omo, mbele ya chombo, vilivyochongwa na kupakwa rangi. Ya dau lake nayachonga mimi. Mara ya kwanza nilipompelekea, aliyashika, akayainua yakakabili bahari, akasema, "Mazuri, bwana. Lakini haya ni ya kutazamwa na mtu aliyesimama karibu. Dau hutazamwa na mtu aliye mbali, tena linakimbia." Tukaingia chomboni. Alitweka tanga, upepo ukalijaza, na akanionyesha mstari ule unaoanza foromalini, mti wa juu wa tanga, ukashuka mpaka kwenye demani, kamba yake ya chini: umekaza mwanzo, ukalegea katikati, ukakaza tena mwisho. Akaniambia nakshi zangu zimekaza kote.

Tangu hapo majani yangu yana mpindo huo. Unaingia ndani ya jani kwa patasi nyembamba, mkono umekaza. Katikati unachukua bobari, patasi yenye makali ya mviringo, unauacha mkono uende na nyuzi za mti. Kwenye ncha unarudi kwenye patasi. Wateja husema majani haya yanakwenda. Yamepata mwendo huo kwenye tanga la rafiki yangu, na siku za mashindano ya madau, nikiliona dau lake likipinda mbele ya mji na macho yale yakinitazama kutoka mbali, nashindwa kukaa kitako.

Naamini sana kwamba fundi anahitaji rafiki asiyekuwa fundi. Tulio kwenye kazi moja tunatazamana vyombo. Muhamadi Kijuma wa hapa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mshairi, mwandishi wa hati na mchonga milango, mtu mmoja mwenye kazi hizo zote. Nikisimama mbele ya nakshi za wakati wake huona hati ndani yake: mkono uliozoea kalamu hauogopi kupinda.

Safari ni shukrani nyingine. Kwenda kisiwa cha Pate tunapita Mkanda, mfereji ulio kati ya Manda na bara, mikoko kulia na kushoto. Maji yakipwa, chombo chenye mzigo hakipiti. Inabidi uondoke na maji, si na saa. Huko Siyu wapo mafundi ambao mikono yao naiheshimu sana, wa ngozi na wa mbao, na ngome ya mawe inayotazama mlango wa maji. Nikiwa Siyu sichongi. Natembea, nakula, naulizwa habari za watu wa Lamu, na usiku nachora kwenye daftari yale ambayo macho yamekataa kuyasahau.

Safari iliyonigusa kuliko zote ilikuwa ya Gede, magofu ya mji wa kale karibu na Malindi. Wengi huenda kutazama kuta, na kima wanaorukaruka juu yake. Mimi nilikwenda kutazama alama za patasi. Lipo pale kaburi lenye tarehe iliyochongwa, mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Na kwenye Msikiti Mkuu, juu ya upinde wa mlango mmojawapo, kuna mkuki uliochongwa kwenye jiwe la matumbawe, ubapa wake mpana, umeinuka kidogo tu kutoka kwenye uso wa jiwe. Nilisimama chini yake mpaka jua likasogea. Jiwe la matumbawe lina vitundu, halikubali ncha nyembamba, na yule fundi alilijua hilo: ameacha kingo nene, akategemea kivuli kidogo kimfanyie kazi. Karne zimepita, jina lake hatunalo, na bado nilielewa alichokuwa anafikiri mkono wake ulipofika kwenye ncha ya mkuki. Nilimwombea dua pale pale.

Sasa nina mlango mezani unaokwenda Siyu kwa mtu anayejenga. Mabawa mawili ya mbambakofi, waridi la petali sita kwenye mfaa, majani yenye mpindo wa tanga kwenye miimo, na kwenye kizingiti cha juu nimeweka ubapa mpana ulioinuka kidogo, kwa ajili ya yule fundi wa Gede. Utakaa kwenye daka lenye kivuli, basi kina nimekizidisha. Sahibu yangu ameshatazama mwezi, tutavuka bamvua lijalo maji yakiwa makuu, kwa kuwa uzito wa mlango na miimo yake unataka maji ya kutosha Mkanda. Jirani atamlisha Msasa, nimeshamwachia pesa za samaki. Kahawa ya safari ni juu yake nahodha, tende ni juu yangu.