Paka wako hakukuuma "ghafla"

"Daktari, nilikuwa nampapasa, anakoroma vizuri, mara kaning'ata. Ana roho mbaya huyu." Nikiisikia kauli hii mara moja zaidi, atakayeng'ata ni mimi.

Hakuna cha ghafla. Ncha ya mkia ilianza kuchezacheza, kisha mkia mzima ukapiga kochi. Ngozi ya mgongo ikatetemeka kama imetuliwa na nzi. Masikio yakageuka pembeni, mboni zikatanuka, kichwa kikaanza kuufuata mkono wako. Yote hayo huweza kupita kwa sekunde chache, na wewe macho yako kwenye simu. Kukoroma nako msikutegemee. Paka hukoroma hata akiwa na maumivu.

Kwa nini mguso mtamu ugeuke kero? Vitabu huandika "msisimko uliozidi" na kufunga mada. Hilo ni jina tu, halielezi kitu, na sisi madaktari tunalitamka kwa kujiamini kuliko tunavyostahili. La uhakika ni kwamba kila paka ana kiwango chake, na wengi huchoshwa upesi ukiwagusa tumboni au penye shina la mkia kuliko mashavuni na chini ya kidevu. Basi mpapase shavu sekunde 3, ondoa mkono. Akiusogelea na kuusugua, endelea. Akikaa tu, ameshajibu. Na akilala chali, anakuamini; hajakuomba umshike tumbo!

Mtoto wa paka anayerukia vidole na visigino anawinda, na mliomchezesha kwa vidole ndio walimu wake. Funga manyoya kwenye kamba, kamba kwenye kijiti, mwindishe dakika 10 asubuhi na jioni kabla ya kula, na mwishoni mwache akamate. Akiung'ang'ania mkono usiuvute, kwani kinachokimbia ni panya. Utulize, hata usukume kidogo kuelekea mdomoni, ataachia. Ukimpiga ataogopa mkono, na mkono anaouogopa atauuma mapema zaidi.

Paka mzima aliyekuwa mpole, leo anauma? Mlete akaguliwe meno, fizi na viungo kabla ya kumsingizia tabia. Kama amemwona paka mgeni dirishani na manyoya yamemsimama, usimguse; hasira hiyo huweza kukaa saa kadhaa.

Na jeraha msilidharau kwa udogo wake. Chonge nyembamba hupandikiza bakteria ndani, tundu likajifunga juu. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo, hasa ukiumwa mkononi au kwenye kiungo. Waulize pia kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa: paka naye huambukiza.