Kwa nini chama humchukia "msaliti" kuliko mpinzani

Nafundisha saikolojia ya siasa hapa Dar es Salaam. Kila msimu wa kura za maoni za kuteua wagombea ndani ya vyama naulizwa: mbona chama kinamvumilia mpinzani anayekishambulia jukwaani, lakini mwanachama wake akihoji jambo moja tu anaitwa msaliti?

Mwaka 1988 José Marques na wenzake walichapisha utafiti uliohusu wanafunzi wa Ubelgiji. Wanafunzi hao walimhukumu Mbelgiji mwenzao mwenye tabia mbaya kwa ukali kuliko mgeni mwenye tabia ileile. Mgeni akikosea anajichafua mwenyewe. Wa kwetu akikosea anatuchafua sote. Kikulacho ki nguoni mwako.

Hasira hiyo ipo kila nchi, ila kwetu ina meno. Ibara ya 71 ya Katiba inamvua mbunge kiti akikoma kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni, na mgombea binafsi haruhusiwi, ingawa mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, iliamua kuwa katazo hilo linakiuka haki. Kikao cha watu wachache kinaweza kufuta kura za jimbo zima. Hili linaniuma. (Meno yenyewe hayang'ati sawasawa: CHADEMA, chama cha upinzani, iliwavua uanachama wabunge wake 19 wa Viti Maalumu vya wanawake Novemba 2020, nao wakaendelea kukaa bungeni.)

Chama hupima nini hasa, uzito wa kosa? Sidhani. Februari 2020 CCM, chama tawala, iliwajadili makada watatu kwa pamoja: Membe, waziri wa zamani wa mambo ya nje, akafukuzwa; Kinana, katibu mkuu wa zamani wa chama, akapewa karipio; mzee Makamba, naye katibu mkuu wa zamani, akasamehewa kwa kuwa aliomba radhi. Lowassa, waziri mkuu wa zamani, alihama mwaka 2015 akagombea urais dhidi ya CCM, tena kwa tiketi ya CHADEMA. Mwaka 2019 akapokelewa kwa shangwe kwenye ofisi ya CCM ya Lumumba, Dar es Salaam. Membe naye alirudishiwa kadi mwaka 2022. Anayerudi akiwa ameinama hupokelewa hata kama aliwahi kukipinga chama waziwazi. Anayeandamwa ni yule anayebaki ndani na kuendelea kusema.

Na hapo ndipo penye ugumu wenyewe. Mwana-CCM huahidi: "Nitasema kweli daima, fitina kwangu mwiko." Ahadi nzuri mno. Lakini kauli ikishatoka, wanaoamua kama ni kweli au fitina ni viongozi walewale waliokosolewa, na mwanachama hana mwamuzi mwingine ndani ya chama wa kumkimbilia.