Je, wajua kwa nini dawa moja ya saratani ya utumbo mpana hutolewa kila wiki na nyingine kila wiki mbili?

Cetuximab na panitumumab hufanya kazi ileile: huziba EGFR, kipokezi ambacho seli ya saratani hukitumia kupokea amri ya kukua. Kwa kawaida hutolewa vipimo vinapoonyesha kwamba jeni za RAS, zinazopitisha amri hiyo ndani ya seli, hazijabadilika, maana zikibadilika seli huendelea kukua hata kipokezi kikizibwa.

Tofauti ya ratiba inatokana na muda dawa inaokaa mwilini. Nusu ya cetuximab huondoka katika siku 3 hadi 5 hivi, ilhali panitumumab huchukua takriban siku 7 na nusu. Ndiyo maana panitumumab, miligramu 6 kwa kila kilo ya uzito, hurudiwa kila siku 14.

Cetuximab ya kila wiki huanza na dozi kubwa: miligramu 400 kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili, kisha 250. Mwenye mita za mraba 1.7 hupata miligramu 680 siku ya kwanza na 425 wiki zinazofuata. Katika ratiba hii dozi hiyo ya mwanzo ni ya lazima kwa sababu ngozi na ini navyo vina EGFR, navyo hunyonya dawa kabla haijatosha kuufikia uvimbe. Dripu yake huchukua saa 2, kwani mzio mkali hutokea zaidi siku hiyo. Inawezekana pia kutoa 500 kila wiki mbili, bila dozi kubwa ya mwanzo, na hilo humpunguzia mgonjwa safari, kwa kuwa huangukia siku moja na kemotherapi ya FOLFIRI, mchanganyiko wa dawa unaotolewa kila wiki mbili.

Bevacizumab, dawa nyingine ya saratani hii inayozuia uvimbe kuota mishipa mipya ya damu, hukaa zaidi; nusu yake huondoka baada ya siku 20 hivi. Kwa hiyo yenyewe hufuata kalenda ya kemotherapi: miligramu 5 kwa kilo kila wiki mbili, au 7.5 kila wiki tatu. Lakini huchelewesha kidonda kupona, hivyo husimamishwa angalau siku 28 kabla ya upasuaji uliopangwa.

Vidonge vya regorafenib, dawa nyingine ya saratani hiyohiyo, humezwa siku 21, kisha siku 7 za mapumziko. Hapa mapumziko ni ya mwili wenyewe: viganja na nyayo huvimba na kuuma, shinikizo la damu hupanda. Dozi kamili ni miligramu 160, ila madaktari wengi huanza na 80 na kuongeza 40 kila wiki mgonjwa akistahimili. Kidonge kilichosahaulika jana hakifidiwi kwa kumeza mara mbili leo.

Kwa cetuximab na panitumumab, magnesiamu ya damu hushuka polepole, kwa hiyo hupimwa hadi wiki 8 baada ya dripu ya mwisho.